Kusaka metali ndani ya oili kwa leza: mipigo inayoruka isifutwe

#1 nurubluu (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wale wanaofuatilia afya ya mitambo kwa kupima oili, na wa yeyote anayependa fizikia ya mwanga. Nina hoja moja na nitaitetea hadi mwisho. Wengi wanaopima oili kwa leza hupiga mipigo mia kadhaa, hutafuta wastani, na mipigo inayoruka juu (inayoonyesha metali nyingi ghafla kuliko mingine) huifuta wakidhani ni kasoro ya kipimo. Kisha wanalalamika kwamba leza haifikii mashine za maabara. Kumbe walichokifuta ndicho ambacho leza ilikuwa inawaambia.

Nianze na msingi ili twende pamoja.

Oili inayozunguka kwenye injini au giaboksi hubeba kila kinachosagika humo. Chuma hutoka kwenye silinda, gia na krenkishafti. Kromi mara nyingi hutoka kwenye ringi, na alumini kwenye pistoni. Shaba, risasi na bati ni za mabushi na beringi. Silikoni ikipanda pamoja na alumini, shuku vumbi lililopenya chujio la hewa. Sodiamu au potasiamu ikipanda, kagua kama maji ya rejeta yanavujia kwenye oili. Halafu zipo elementi zilizowekwa kiwandani kwa makusudi: kalsiamu na magnesiamu za kusafisha, zinki na fosforasi za kulinda nyuso zisilane. Hizi huwa mamia hadi maelfu ya sehemu kwa milioni, wakati metali ya usagikaji tunayoisaka inaweza kuwa sehemu 5 au 50 tu.

Njia yenyewe inajulikana kwa kifupi LIBS (laser-induced breakdown spectroscopy), yaani kuchunguza mwanga wa plazma iliyowashwa kwa leza. Leza, mara nyingi ile ya fuwele iitwayo Nd:YAG ya nanomita 1064, hutoa mpigo mfupi unaokusanywa na lenzi hadi doa dogo. Chukua milijouli 50. Ni nishati kidogo, lakini ikimwagwa ndani ya nanosekunde 5 inakuwa megawati 10, na kwenye doa lenye kipenyo cha nusu milimita hiyo ni takriban wati bilioni 5 kwa kila sentimita ya mraba. Hakuna kitu kinachobaki oili hapo. Kiasi kidogo hugeuka mvuke, mvuke hupasuka kuwa atomu, ioni na elektroni huru, na tunapata plazma yenye joto la zaidi ya kelvini 10,000.

Mwanzoni kabisa plazma hiyo hutoa mwanga mweupe mkali usio na habari yoyote, kwa sababu elektroni huru ndizo zinazoutoa. Ndiyo maana kamera ya spektromita (kifaa kinachotenganisha mwanga kwa urefu wa wimbi ili tupate spektra) husubiri, kwa kawaida karibu mikrosekunde 1, ndipo ifungue jicho. Plazma ikishapoa kidogo mistari (mwanga wa urefu mmoja maalumu wa wimbi) hujitokeza: shaba kwenye nanomita 324.75 na 327.40, kromi 425.43, risasi 405.78, chuma 438.35 pamoja na mistari mingine mingi sana, sodiamu ile jozi ya njano 589.00 na 589.59. Kila elementi ina mistari yake, jambo ambalo wanasayansi Kirchhoff na Bunsen waliligeuza kuwa njia ya uchunguzi kati ya 1859 na 1860. Leza ya kwanza duniani, ya mwanafizikia Maiman, iliwaka 1960, na kufikia 1962 watafiti Brech na Cross walishaionyesha ikizalisha plazma ya kuchunguzwa namna hii. Wengi wameifahamu kupitia chombo cha ChemCam kwenye roveri ya Curiosity, iliyotua Mirihi Agosti 2012 na kupiga leza miamba iliyo hadi mita 7 mbele yake.

Mwamba umetulia lakini. Oili haitulii, na hapo ndipo kazi ilipo.

Ukipiga leza juu ya uso wa oili ndani ya kikombe, wimbi la mshtuko hurusha matone. Matone huchafua lenzi. Ukungu wa oili hubaki hewani juu ya kikombe, na mpigo unaofuata hukutana na ukungu kabla ya kufika kwenye oili. Uso wenyewe bado unacheza, kwa hiyo doa la leza halipo pale ulipolipanga. Ukijaribu kuwasha plazma ndani ya kimiminika chenyewe, inabanwa na kupozwa haraka mno, mistari inafifia na kutanuka. Watu wamejaribu njia nyingi: mchirizi mwembamba unaotiririka bila msukosuko, diski inayozunguka ikibeba oili mpya kila mara, tone lililonyweshwa kwenye karatasi ya chujio, oili iliyogandishwa, au tabaka jembamba lililopakwa juu ya bamba la metali. Mimi napendelea tabaka jembamba. Halirushi matone mengi, na bamba la chini husaidia kuwasha plazma yenye nguvu inayoichoma oili iliyo juu yake.

Nikirudi kwenye hoja: kwenye tabaka hilo mipigo mingi itafanana, halafu ghafla mmoja utatoa mstari wa chuma ulio juu mara nyingi kuliko wenzake. Msiufute.

#2 fundi_mtambo

Shukrani mkuu kwa uzi wenye nondo. Swali la mtu wa karakana: tayari kuna mashine za diski ya grafiti inayozunguka na cheche ya umeme, na maabara wana ile ya plazma ya argoni (inayochoma oili ndani ya gesi ya argoni yenye joto kali). Zote zinasoma metali kwenye oili miaka nenda rudi. Leza inaongeza nini?

#3 nurubluu

Swali zuri, mkuu, na jibu lake lianze kwa haki. Kwa kiasi kidogo cha metali iliyoyeyuka, plazma ya argoni inaishinda leza bila ubishi. Inashuka chini ya sehemu 1 kwa milioni kwa elementi nyingi, na usomaji wake hurudiwa kwa usahihi mzuri. Leza kwenye oili kwa kawaida huishia sehemu chache hadi makumi kwa milioni, ikitegemea elementi na jinsi sampuli ilivyoandaliwa. Anayekuambia leza inaifuta maabara anakudanganya.

Lakini angalia ukubwa wa chembe. Kwenye plazma ya argoni oili huchanganywa na kiyeyushi kisha hupulizwa kuwa ukungu. Chembe inayozidi mikroni chache haifiki kwenye moto, au inafika na kutoka bila kuungua yote. Diski ya grafiti ina nafuu, inakwenda hadi karibu mikroni 8 au 10, kisha nayo inaanza kupofuka. Na beringi inayoanza kumeguka kwa uchovu wa metali hutoa vipande vikubwa kuliko hapo. Unaweza kuwa na ripoti ya chuma iliyotulia kabisa wakati njia ya mipira inabanduka. Mafundi wenye uzoefu wanalijua hili, ndiyo maana hawaachi kukagua plagi ya sumaku na kukata filta kuangalia ndani.

Leza haihitaji kupuliza kitu. Chembe ikiwa ndani ya doa, inapigwa. Haihitaji kiyeyushi wala gesi nyingi, na kifaa kinaweza kukaa karibu na mtambo.

#4 kemia_benchi

Naomba nipinge kidogo, mkuu. Nafanya kazi za uchambuzi na nimefundishwa kwamba data iliyoruka hukaguliwa na, ikithibitika ni ya ajabu, hutolewa. LIBS yenyewe ina kelele: mpigo na mpigo kutofautiana kwa asilimia 10 au zaidi ni kawaida. Povu, mkunjo kwenye tabaka, vumbi la hewani, nishati ya leza kuyumba, vyote vinazaa mruko. Ukianza kuita kila mruko "chembe ya beringi" utasimamisha mitambo mizima.

#5 nurubluu

Pingamizi la msingi hili, na bila kulijibu uzi wote hauna maana. Nipige hesabu kwanza.

Chukua oili yenye chuma sehemu 10 kwa milioni, na tuseme chuma chote kipo kama chembe za duara zenye kipenyo cha mikroni 20. Chembe moja ina uzito wa takriban nanogramu 33. Mililita 1 ya oili ina uzito wa karibu gramu 0.87, kwa hiyo chuma ndani yake ni mikrogramu 8.7, yaani chembe 260 hivi. Sasa tabaka lina unene wa mikroni 20 na doa la leza ni nusu milimita. Ujazo unaoguswa na mpigo mmoja ni mikrolita 0.004 tu. Gawanya: ni mpigo mmoja kati ya takriban 1,000 utakaokutana na chembe. Iliyobaki yote itasoma sifuri ya chuma. Na ule mmoja, kama chembe yote ingegeuka mvuke, ungeona oili yenye chuma karibu sehemu 10,000 kwa milioni.

Weka mfano wa pili. Chuma ni kilekile, sehemu 10 kwa milioni, ila chembe ni za mikroni 5. Uzito wa kila moja umepungua mara 64, basi idadi imeongezeka mara 64. Sasa ni mpigo mmoja kati ya kila 15 hivi unaokutana na chembe, na mruko ni mdogo zaidi. Yeyusha chuma chote, na kila mpigo utasoma sehemu 10.

Oili tatu hizi zina wastani uleule. Ya kwanza ni ya mtambo unaobanduka, ya tatu huenda ni usagikaji mpole wa kawaida. Mashine inayotoa namba moja haiwezi kuzitenganisha. Na aliyefuta mipigo inayoruka kwenye oili ya kwanza ataandika kwenye ripoti kwamba chuma hakuna. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu oili iliyo hatari kuliko zote ndiyo itakayotoka safi kuliko zote.

Sasa kelele. Kemia_benchi, uko sahihi kwamba mruko peke yake si ushahidi. Ila spektra ya LIBS haina mstari mmoja. Oili yenyewe imejaa kaboni na hidrojeni, na tunaziona kwenye kila mpigo: kaboni kwenye 247.86, hidrojeni kwenye 656.28, bendi za molekuli ya kaboni mbili karibu na 516. Leza ikiyumba au tabaka likikunjika, mistari yote hupanda au kushuka pamoja. Povu huishusha yote. Chembe ya chuma hupandisha chuma huku kaboni ikibaki palepale, na mara nyingine ikishuka. Kwa hiyo usitazame urefu wa mstari wa chuma. Tazama uwiano wake na kaboni kwa kila mpigo.

La pili ndilo ninalolipenda kuliko yote: elementi zilizoonekana ndani ya mpigo mmoja zilitoka mahali pamoja. Chuma na kromi zikiruka pamoja kwenye mpigo uleule, hiyo ni aloi, yaani metali zilizochanganywa. Chuma cha beringi kinachotumika sana kina kromi ya karibu asilimia 1.5, chuma kisichoshika kutu kina zaidi ya asilimia 10 na mara nyingi na nikeli juu yake. Uwiano unakuelekeza ni kipande gani cha mtambo. Shaba na bati pamoja, hilo ni bushi la shaba nyeusi. Alumini na silikoni pamoja, mara nyingi ni vumbi la udongo. Ila msisahau kwamba pistoni nyingi ni aloi ya alumini yenye silikoni pia, kwa hiyo uwiano ndio unaoamua: kwenye pistoni alumini ndiyo inayotawala, kwenye vumbi silikoni huwa juu. Ukichukua wastani, taarifa ya nani alikuwa na nani inapotea kabisa na hakuna hesabu itakayoirudisha.

Vumbi la hewani? Paka tabaka la oili mpya safi, piga mipigo idadi ileile chumba kilekile, uone miruko mingapi inatokea. Hiyo ndiyo sakafu yako.

#6 kemia_benchi

Hapo kwenye kaboni umenishika. Nabaki na moja: chembe ya mikroni 20 haitageuka mvuke yote kwa mpigo wa nanosekunde. Kwa hiyo hiyo 10,000 yako hutaiona kamwe.

#7 nurubluu

Kweli kabisa, ndiyo maana niliandika "kama chembe yote ingegeuka mvuke". Sehemu ya nje huungua, kiini kinaweza kurushwa kikiwa kizima. Pia chembe inaweza kuwa pembezoni mwa doa ambako nguvu ni ndogo. Kwa sababu hiyo sisomi ukubwa wa chembe kutoka kwenye urefu wa mruko. Nahesabu ni mipigo mingapi imeruka, na uwiano wa elementi ndani yake. Kuhesabu kunastahimili udhaifu huo, kupima uzito hakustahimili.

Hili linagusa pia kalibresheni, yaani kulinganisha usomaji wa kifaa na oili yenye kiasi cha metali kinachojulikana. Mafuta sanifu yanayouzwa, yale yenye elementi 21 kwa pamoja, yana metali iliyofungwa kwenye molekuli na kuyeyuka kabisa. Ukichora mstari wa kalibresheni kwa hayo, umejifunza kusoma metali iliyoyeyuka. Kuutumia mstari huo kwenye oili ya chembe na kutangaza namba ni kupima kitu kingine. Kwa usuli, yaani mipigo isiyoruka, mstari huo ni halali. Kwa miruko, hesabu.

Na usuli nao una masharti yake. Oili ya madini na ya sintetiki hazitoi plazma sawa, mnato hubadilisha unene wa tabaka, masizi ya injini ya dizeli hunyonya leza kuliko oili safi. Gawanya kwa kaboni, na ikiwezekana tengeneza kalibresheni kwa aina ya oili unayoipima.

#8 msomaji_kimya

Samahani wakuu, nimewasoma kimya muda wote. Mmesema bamba la metali chini ya tabaka. Je, bamba likiwa la alumini, alumini ya kwenye oili mtaionaje?

#9 nurubluu

Hutaiona, na swali lako ni la muhimu. Bamba la alumini hutumika kwa sababu linawaka vizuri na mistari yake si mingi, haifuniki ya wengine. Lakini ukiwa unaifuatilia alumini, badilisha: grafiti, au karatasi ya chujio. Ukitumia grafiti kumbuka kaboni yako sasa inatoka pia kwenye bamba, basi hamia kwenye hidrojeni kwa ajili ya uwiano.

Kuna mtego mwingine wa alumini. Mstari wake mzuri uko 396.15, na jirani yake 396.85 ni ioni ya kalsiamu, ile iliyowekwa kwa maelfu kwenye oili ya injini. Kalsiamu hiyo hutoa mstari mnene unaomwagikia jirani. Spektromita yenye macho hafifu itakuambia alumini imejaa kumbe inasoma kiongezwa. Tumia 394.40, au nenda 309.27, ingawa huko nako bendi ya OH (oksijeni na hidrojeni zilizoungana) hukaribia kama kuna unyevu. Zinki vivyo hivyo: kusema "shaba na zinki pamoja, hiyo ni shaba njano" ni vigumu, kwa kuwa zinki ya kiongezwa ipo kwenye kila mpigo. Lazima zinki nayo iruke juu ya usuli wake.

#10 fundi_mtambo

Na uchukuaji wa sampuli? Maana huku kwetu karakana ndiko mambo yanakoharibikia.

#11 nurubluu

Mkuu, kwa njia hii ndiko kila kitu kinapoamuliwa, kuliko hata kwa mashine nyingine, maana tunazitaka chembe kubwa na hizo ndizo zinazokimbia kwanza. Chukua oili mtambo ukiwa moto na umetoka kufanya kazi, kutoka kwenye bomba linalopitisha oili, kabla ya filta. Oili ya chini ya sampu (chombo cha oili chini ya mtambo) baada ya usiku mzima ni kitu kingine kabisa.

Kisha chupa. Chembe ya chuma ya mikroni 20 ndani ya oili iliyopoa yenye mnato wa paskali-sekunde 0.2 inazama kwa kasi ya takriban sentimita 2.7 kwa saa. Chupa fupi iliyosimama mezani tangu asubuhi, mchana hizo zote ziko kwenye kitako, na tone utakalolivuta kutoka juu ni oili ya kitu kingine. Chembe ya mikroni 2 huzama mara mia polepole zaidi, hiyo haina haraka. Pasha chupa joto kidogo, itikise kwa nguvu, acha povu litoke, vuta tone na ulipake papo hapo.

Ukihitaji kuona chembe chache sana, chuja mililita kadhaa kupitia utando wenye matundu madogo, suuza oili, kisha piga leza juu ya utando wenyewe. Ile hesabu ya mpigo mmoja kati ya 1,000 hubadilika kabisa, kwa sababu chembe za mililita nzima sasa ziko kwenye eneo dogo.

#12 msomaji_kimya

Kuna usalama gani kupiga leza ya hivyo kwenye oili? Haiwaki?

#13 nurubluu

Jicho kwanza, moto baadaye. Nanomita 1064 haionekani, lakini lenzi ya jicho huipitisha na kuikusanya kwenye retina. Jicho halitafumba lenyewe kwa kuwa halioni kitu, na mpigo mmoja uliorudishwa na bamba linalong'aa unatosha kuua sehemu ya uwezo wa kuona. Njia ya leza ifungwe ndani ya kasha lenye swichi inayokata leza mlango ukifunguka, na miwani iwe ya urefu huo wa wimbi, si miwani yoyote yenye rangi.

Moto: tabaka jembamba la oili ya injini ni vigumu kuwaka, kwani halijoto yake ya kushika moto kwa kawaida huzidi nyuzi 200. Ukungu ni habari nyingine, na oili iliyochanganyika na petroli au dizeli ni mbaya zaidi. Kifyonza hewa kiwe kinafanya kazi. Mkondo mwembamba wa argoni juu ya doa husaidia mara mbili: unaondoa oksijeni, na plazma ndani ya argoni hung'aa zaidi na kudumu kuliko ndani ya hewa.

#14 kemia_benchi

Nimeridhika vya kutosha kujaribu. Programu ya kifaa chetu inatoa wastani tu mwisho wa kipimo. Naanzia wapi?

#15 nurubluu

Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuhifadhi kila spektra peke yake. Mara nyingi ipo, imezimwa kwa sababu mafaili hujaa haraka. Kama haipo, weka idadi ya mipigo kwa kila kipimo iwe 1 na urudie kipimo. Sogeza bamba kila mpigo, doa lisirudi pale lilipopiga. Kwa mipigo 10 kwa sekunde, mipigo 1,000 ni chini ya dakika mbili, kwa hiyo muda si kisingizio.

Anza na oili mpya ya aina ileile. Chora uwiano wa chuma kwa kaboni kwa kila mpigo, kwa mfuatano wake. Utapata mkanda wenye upana fulani, na huo ndio kelele yako. Weka mpaka juu ya mkanda huo. Kisha pima oili ya mtambo na uhesabu mipigo iliyouvuka mpaka. Kila uliovuka, fungua spektra yake yote uangalie kama kromi, nikeli, shaba, bati au silikoni nazo ziliruka, na uandike pembeni. Pima mtambo huohuo kila unapochukua sampuli na utunze hesabu hiyo kando ya wastani wako wa kawaida. Ukipata oili ambayo wastani wake umetulia huku miruko ya chuma na kromi ikiongezeka, kata filta ya mtambo huo siku hiyohiyo, halafu utuletee picha ya ulichokikuta humo.